Mbuzi Asifungwe kwenye Mpapai

Msikilizaji, jana nimepita nyuma ya nyumba moja, nikakuta mpapai umelala chini na mapapai yake mabichi, na mbuzi bado kafungwa pale pale kwenye kisiki. Wiki iliyopita kilichofungwa kwenye mpapai kilikuwa waya wa kuanikia nguo. Nimelisema hili kipindi baada ya kipindi, na leo nalisema tena.

Asubuhi unamtoa mbuzi bandani, mti wa karibu ni mpapai, unafunga kamba, unakwenda zako. Mti si ni mti? Hapana! Mpapai si mwembe. Tawi la mwembe likianza kuelemewa, mti hutengeneza upande wa juu mbao inayojikaza na kulivuta lisishuke. Mfenesi hutundika matunda kwenye shina lenyewe na matawi manene, kwa sababu fenesi moja huweza kupita kilo 30.

Mpapai hauna mbao ya namna hiyo. Ukate uone: katikati ni uwazi, kisha nyama laini iliyojaa maji, kisu cha jikoni kinapita. Sasa kule juu mapapai yanabebwa na nini? Gome! Shina lililoanguka likioza, nyama yote huyeyuka, zinabaki nyuzi ngumu za gome zilizoshikana kama wavu wa mvuvi. Wavu ule unabana, maji ya ndani yanasukuma, shina linakakamaa kama tairi la baiskeli lililojazwa upepo.

Basi mbuzi anazunguka kutwa, kamba inasugua pale pale, nyuzi zinakatika. Upepo mmoja wa alasiri unatosha. Jirani yangu aliniambia mpapai wake umeangushwa na husuda. Husuda! Nikamshika mkono nikamwonyesha alama ya kamba: kidole changu kilizama.

Na nyinyi mnaopigilia misumari mpapai dume ili uzae, msumari haugeuzi jinsi ya mti, unatoboa gome tu. Na maji ya kufulia mnayomwaga shinani mpaka yanatuama! Mizizi ya mpapai haistahimili dimbwi hata siku mbili; ikioza, shina halipati maji, linalegea huku limesimama kwenye tope.

Mbuzi mfunge kwenye kigingi: ni kipande cha mti na mapigo matatu ya nyundo. Kama mbuzi wako yuko mpapaini sasa hivi, toka ukamfungue. Redio utaikuta.