Mchezo Unapokoma: Afya ya Mtoto wa Paka katika Nyumba za Tononoka

Jambo lililotukutanisha hapa Tononoka linaonekana dogo: mtoto wa paka aliyekuwa akirukia kila kinachotikisika, kisha akajikunja chini ya kitanda, hataki mchezo. Kisiwa chetu cha Mombasa, tangu Mji wa Kale hadi Tudor, kina paka kila baraza na kila kichochoro, na huruma kwao si ngeni kwetu. Kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha kinajulikana na kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani. Dai langu ni kwamba huruma hiyo mara nyingi hufika ikiwa imechelewa. Tunangoja paka akatae chakula ndipo tushtuke, ilhali kukoma kwa mchezo hutangulia. Mtoto wa paka aliyeacha kucheza ghafla achukuliwe kuwa mgonjwa mpaka ithibitike vingine.

Tuanze na mchezo wenyewe. Watoto wa paka huanza kuchezeana karibu na wiki ya 4, na michezo ya kukamatana na kuangushana hushamiri kati ya wiki ya 9 na ya 14. Mchezo haumshibishi, wala haumpi joto analohitaji usiku. Mwili huutolea nguvu baada ya mahitaji hayo kutimizwa. Ndiyo maana maradhi yakiingia, mchezo ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kuachwa. Mwaka 1988, Benjamin Hart wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alieleza kwamba unyong'onyevu wa mnyama mgonjwa si udhaifu mtupu. Ni mpango wa mwili wa kuacha matumizi mengine ili upate nguvu za kupandisha homa na kupambana na vimelea. Hoja hiyo ikikubaliwa, basi utulivu wa kitoto cha paka ni habari kamili: ndani yake kuna vita vilivyokwisha kuanza.

Adui wa kwanza katika nyumba zetu ni kiroboto, na hesabu yake inatisha. Mtoto wa paka wa wiki 8 ana uzito wa gramu 800 hivi, na damu yake yote, kama mililita 50, inaenea katika kikombe kimoja cha kahawa chungu. Kiroboto jike hunyonya takriban mikrolita 13.6 kwa siku. Wakiwa 100, huondoa zaidi ya mililita 1.3 kila siku, na kwa siku 10 imekwenda zaidi ya robo ya damu aliyokuwa nayo. Uboho mchanga huenda usimudu kuifidia. Adui wa pili ni minyoo, ambayo baadhi yake hupita katika maziwa ya mama, kwa hivyo hata kitoto kisichowahi kukanyaga nje kinaweza kuwa nayo. Wa tatu hutoka mikononi mwa wanaompenda: minofu mitupu. Nyama isiyo na mfupa ina kalisi kidogo mno ikilinganishwa na fosforasi iliyomo, na kitoto kinacholishwa hiyo peke yake kwa wiki kadhaa hulainika mifupa, kikaogopa kuruka kwa sababu kuruka kunauma. Mwenye nyumba huona utulivu. Kitoto kinaona maumivu. Wa nne, aliye mwepesi kuua kuliko wote, ni virusi vya panleukopenia. Hushambulia utumbo na uboho, na vinaweza kuishi ndani ya nyumba kwa muda wa mwaka mzima. Sabuni ya kawaida haiviui; jiki iliyochanganywa na maji huviua. Kitoto kisichochanjwa kinaweza kuacha mchezo leo na kufa kesho.

Wapo watakaosema kwamba paka hulala sana, na akikua hutulia. Ni kweli kwamba mtoto wa paka hulala sehemu kubwa ya siku, na ni kweli kwamba michezo ya kuangushana hupungua baada ya mwezi wa nne. Lakini ukuaji hupunguza mchezo kwa wiki nyingi, haukati kwa siku mbili. Wengine watalilaumu joto la Februari na Machi. Hoja hiyo inapimika kwa urahisi: paka kwa maumbile huchangamka alfajiri na magharibi, saa ambazo hata Mombasa hupoa. Asiyecheza adhuhuri huenda anakimbia jua; asiyecheza adhuhuri, magharibi wala alfajiri, si joto. Wengine watasema anamlilia mama yake. Hofu ya nyumba mpya ipo, na humfanya ajifiche siku za mwanzo. Hata hivyo, uchunguzi wa Patrick Bateson na wenzake huko Cambridge ulionyesha kwamba watoto wa paka walioachishwa ziwa mapema walizidisha mchezo wa kuchezea vitu. Kutengwa na mama peke yake, basi, si maelezo ya kutosha.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka katika hoja ya Hart yenyewe. Ikiwa kupumzika ni dawa ya mwili, kwa nini tusimwache apumzike? Apumzike, naam, lakini asiachwe. Paka mzima ana akiba ya mafuta ya kumvusha siku kadhaa. Mtoto wa paka hana, na kuhara kwa siku moja kunaweza kummaliza maji na sukari ya damu. Anahitaji joto, maji na daktari wa mifugo ndani ya siku hiyo hiyo. Asipewe dawa za watu: ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli ipasavyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua hata paka mzima. Wala asipakwe dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, dawa iliyobuniwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, ambayo mbwa huihimili na paka haihimili.

Itaulizwa pia kama ni haki kuzungumzia paka katika mtaa ambao watoto wa watu wanakosa matibabu. Nawajibu kwamba ni afya moja. Minyoo ya safura ya paka hutaga mayai yanayofikia mchangani, na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtoto anayecheza peku. Kichaa cha wanyama nacho huweza kuanza kwa mnyama kubadilika tabia tu, akanyong'onyea. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuchanjwa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limekabidhi udhibiti na ustawi wa wanyama kwa serikali za kaunti, kwa hivyo kudai chanjo na dawa ya minyoo kwa bei nafuu mtaani si kuomba fadhila.

Yanayotakiwa majumbani ni machache. Mpimeni kila wiki: anapaswa kuongeza gramu 100 hivi. Tazameni ufizi wake: uwe wa waridi, si mweupe. Chanjo ianze kati ya wiki ya 6 na ya 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Na kila magharibi mpeni kitu cha kukimbiza; asipokikimbiza leo, msingoje kuona kama kesho atakula.