Kabla ya Kusugua Ngoma za Bendi
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimesikia kwamba vijana wa bendi wamekwisha kununua msasa na rangi, ili ngoma za zamani zilizomo stoo zing'are siku ya mahafali. Kabla hawajaanza, naomba dakika chache nikiri kosa langu.

Ile ngoma ndogo yenye kovu ubavuni, kovu lile nililitia mimi nilipokuwa kiranja wa bendi. Ganda lake la lulu ni seluloidi, plastiki ya kale iliyotengenezwa kwa pamba na asidi ya nitriki. Lilikuwa limegeuka manjano, nami nikadhani ni uchafu. Nikachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Dawa ile ilikuwa na asetoni, nayo asetoni huyeyusha seluloidi. Kufumba na kufumbua, lulu ikanata kitambaani.

Mwaka jana Mkuu wa Shule aliniruhusu niichukue tena. Safari hii nilijaribu kwanza. Nilifungua skrubu, nikaondoa pete. Chini ya pete, mahali pasipofikiwa na jua, lulu ilikuwa nyeupe bado. Hapo nikatambua kwamba ile rangi ya manjano ni kazi ya mwanga na miaka. Hakuna sabuni itakayoitoa.

Kisha nikachagua sehemu tatu za ukingo wa chini, kila moja ukubwa wa sarafu. Ya kwanza niliifuta kwa kitambaa chenye maji, kilichokamuliwa sana ili ubao usinywe maji: vumbi likatoka, alama za jasho zikabaki. Ya pili nikaongeza tone la sabuni ya vyombo: jasho likatoka, mng'ao ukarudi. Ya tatu nikatumia dawa laini ya kung'arishia magari: weupe ukaongezeka, lakini kitambaa kikawa cha manjano, maana nilikuwa nakwangua lulu yenyewe. Nikarudi kwenye ile ya pili, nikaishia hapo.

Kutu ya pete za kromu niliisugua kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haikuichubua. Kutu ikatoka, vishimo vikabaki.

Ngoma yenyewe hii hapa mbele yenu. Ni safi, ni ya manjano, na kovu langu lipo.

Vijana, uchafu mliouacha leo mnaweza kuutoa kesho, lakini lulu iliyokwisha kukwanguliwa hairudi. Anzeni na maji, jaribuni padogo, tena mbali na moto, kwani seluloidi huwaka upesi. Msasa ule rudisheni dukani.