Kuchagua Kifaa cha Kusikia Kisicholisumbua Sikio

(Maelezo yaliyoandaliwa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, wilaya za Tarime na Serengeti)



Ni shida kupata katika Kiswahili maneno mawili yawezayo kumgombanisha mkulima na karani wa mizani kwa urahisi kama "sitini" na "tisini". Irabu zake ni zile zile, urefu ni ule ule, na mkazo huangukia mahali pamoja. Tofauti yote imebebwa na s na t, nazo zimebadilishana nafasi tu. Mwenye masikio mazima haoni taabu yoyote. Lakini mzee ambaye masikio yake yamepotewa na sauti nyembamba husikia mwangwi wa irabu, na sehemu iliyobaki huijaza mwenyewe kwa kukisia. Karani akisoma kilo sitini za kahawa, na mzee akarudi nyumbani akiamini kuwa ni tisini, siku ya malipo zitakosekana kilo thelathini ambazo hazikupata kuwako. Hapo ndipo neno "wizi" hutamkwa hadharani. Karani mwaminifu aweza kupoteza jina lake, na mwanachama wa miaka mingi aweza kukihama chama, hali hapana hata mmoja kati yao aliyesema uongo.

Kwa sababu hiyo habari ya masikio si ya hospitali peke yake. Ni habari ya mizani, ya daftari na ya mkutano mkuu.

Sauti ni mitetemo ya hewa. Mitetemo ikiwa michache kwa sekunde, sauti huwa nene, kama ngoma. Ikiwa mingi, huwa nyembamba, kama filimbi. Katika usemi wa binadamu sehemu kubwa ya nguvu ya sauti imo katika irabu, nazo hukaa zaidi upande wa sauti nene. Konsonanti kama s, sh na f ni hafifu mno, nazo hukaa kwenye mitetemo ya 3000 hadi 8000 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, irabu ndizo zinazofanya usemi usikike, na konsonanti ndizo zinazofanya ufahamike. Aliyepotewa na sauti nyembamba husema, "Nakusikia, ila sielewi unalosema." Watu humcheka kwa kauli hiyo, kumbe ameeleza maradhi yake kwa ufasaha kuliko wanavyodhani.

Ndani ya sikio, katika mfupa, mna mrija uliojikunja mfano wa koa wa konokono. Humo mna chembechembe zenye vinywele, zipatazo 15,000 kwa kila sikio, ambazo hugeuza mitetemo kuwa habari iendayo kwenye ubongo. Zinazopokea sauti nyembamba ziko mlangoni mwa mrija, nazo aghalabu ndizo za kwanza kuharibika. Zikifa hazioti tena. Hapana dawa ya mitishamba wala ya kiwandani inayozirudisha hadi leo, na anayeuza dawa ya namna hiyo gulioni anauza maji.

Zinaharibiwa na nini? Umri ni sababu moja. Nyingine ni baadhi ya dawa, mathalan sindano za streptomaisini na jentamaisini, ingawa dawa hizo zimeokoa maisha ya wengi na haifai kuzikataa kwa hofu. Kinachotakiwa ni daktari kuambiwa mapema mlio wowote unaoanza masikioni. Lakini sababu inayowagusa zaidi wanachama wa wilaya hizi mbili ni kelele. Mashine za kusaga nafaka, mashine za kukoboa, makarasha ya kuvunjia mawe ya dhahabu upande wa Nyamongo, baruti za wachimbaji wadogo: kila kimoja huchukua sehemu yake. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda wa salama hupungua nusu: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, na kwa 100 ni robo saa tu. Asiye na chombo cha kupimia na atumie njia hii: ikiwa watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja hulazimika kupaza sauti ili wasikilizane, kipimo kimekwisha kupitwa. Mwendesha mashine avae vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wapo wanaojiziba kwa pamba. Pamba ya Serengeti hutoa nyuzi nzuri, ila kuzuia kelele haiwezi.

Dalili huja polepole. Mtu hasikii tena nyenje usiku wa masika, naye hudhani wametoweka. Sauti za watoto na za wanawake humpotea kabla ya sauti za wanaume. Hufuata vema mazungumzo ya mtu mmoja chini ya mti, lakini mkutanoni, watu wanaponong'ona na viti kukwaruza sakafu, hupotewa kabisa. Na yako jambo moja linalostahili kuangaliwa. Kikuria ni lugha inayotumia kupanda na kushuka kwa sauti kupambanua maana, na kupanda na kushuka huko hubebwa na sauti nene, ambazo mzee angali anazisikia. Yawezekana hiyo ni sababu mojawapo ya mzee kuonekana anasikia vizuri akiwa nyumbani, kisha akifika kwenye mkutano unaoendeshwa kwa Kiswahili akadhaniwa anasingizia uziwi.

Methali isemayo kwamba sikio la kufa halisikii dawa imewadhulumu wengi. Husemwa juu ya mkaidi, nayo huangukia kwa mgonjwa.

Hatua ya kwanza si kununua kifaa, bali kupimwa. Sikio litazamwe kwanza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kwani nta iliyojaa, usaha na ngoma ya sikio iliyotoboka huzuia kusikia, na baadhi ya hayo hutibika bila kifaa chochote. Kisha hufuata kipimo cha usikivu chenyewe, ambacho hufanywa katika hospitali zenye kliniki ya masikio, kama vile Bugando jijini Mwanza au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Mgonjwa huvishwa spika masikioni na kusikilizishwa milio kuanzia mitetemo 250 hadi 8000 kwa sekunde, na majibu yake huchorwa kwenye karatasi. Mwenye uziwi wa sauti nyembamba huona mstari unaokwenda sawasawa upande wa kushoto, kisha unaporomoka upande wa kulia kama mteremko wa kutoka milima ya Tarime kwenda bondeni. Karatasi hiyo itunzwe kama stakabadhi. Bila hiyo hakuna awezaye kurekebisha kifaa kwa haki.

Sasa kifaa chenyewe, ambacho wengine hukiita shimesikio. Ndani yake mna maikrofoni ya kupokea sauti, kikuza sauti, na spika ndogo ya kuipeleka sikioni. Kilicho kizuri kwa mtu huyu ni kile kinachokuza sauti nyembamba na kuziacha sauti nene kama zilivyo. Hapa ndipo vile vifaa vya bei nafuu vinavyouzwa mitaani bila kipimo hukosea: huongeza kila kitu kwa pamoja. Mlango ukibamizwa, honi ya lori ikipigwa, mtu huruka kwa maumivu, kwa kuwa sauti nene hakuwa na upungufu nazo tangu mwanzo. Baada ya siku tatu kifaa huwekwa sandukuni, na familia nzima husema kwamba vifaa vya kusikia havifai.

Kosa la pili la kawaida huhusu jinsi sikio linavyozibwa. Kizibo kigumu kilichofinyangwa kwa umbo la sikio ni lazima kwa kiziwi wa kiwango kikubwa, vinginevyo sauti huvuja na kifaa hupiga mluzi. Lakini kwa mtu ambaye sauti nene bado anazisikia vizuri, kizibo cha namna hiyo ni adha. Sauti yake mwenyewe humvumia kichwani kana kwamba anasemea mtungini. Akitafuna mahindi ya kuchoma hasikii jambo jingine. Na katika joto la adhuhuri tundu la sikio hutota jasho. Mtu huyo apewe kifaa cha kuning'inia nyuma ya sikio, chenye mrija mwembamba unaoishia kwenye kofia ndogo ya mpira laini yenye matundu. Sauti nene hupita matunduni kwa njia yake ya asili, na kifaa huongeza zile nyembamba tu. Kofia hizo huja kwa ukubwa mbalimbali. Iliyo ndogo mno huteleza na kutoka. Iliyo kubwa mno huchubua. Iliyo sawa husahaulika baada ya muda, na hicho ndicho kipimo bora kuliko maneno yote ya muuzaji. Anayelazimika kutumia kizibo kilichofinyangwa aulize kama kinaweza kutobolewa tundu la hewa.

Viko pia vifaa ambavyo spika yake haikai nyuma ya sikio bali huingizwa ndani ya tundu. Sauti yake ni safi, ila nta na jasho huiharibu spika upesi, na vichujio vyake vidogo hubadilishwa mara kwa mara. Kwa mtu wa shamba, anayepalilia kahawa juani na kusimama kwenye vumbi la ghala, chenye mrija wa kawaida ni imara zaidi. Mrija ukiziba husafishwa au hubadilishwa kwa gharama ndogo. Anayevaa miwani naye akijaribu pamoja na miwani yake, kwa sababu vyote viwili hugombea mahali pamoja nyuma ya sikio.

Masikio yote mawili yakiwa na upungufu, vifaa viwili ni bora kuliko kimoja, hasa mkutanoni. Fedha ikitosha kimoja tu, si dhambi kuanza na kimoja. Na ikiwa chembechembe za sauti nyembamba zimekufa zote, kukuza sauti hakutasaidia sehemu hiyo. Viko vifaa vinavyozishusha sauti hizo hadi mahali ambapo sikio lingali hai, nalo ni jambo la kumwuliza mpimaji.

Kifaa kisihukumiwe siku ya kwanza. Ubongo uliozoea ukimya wa miaka kumi hushtushwa na mchakacho wa karatasi na sauti ya nyayo. Na avae saa chache kwa siku, nyumbani penye utulivu, kisha aongeze, na mnadani aende mwisho. Majuma kadhaa yakipita na bado kinauma au kinavuma, kirudishwe kurekebishwa. Maumivu si sehemu ya mazoea, na mwenye kuambiwa avumilie sikio lenye kidonda asikubali.

Betri nyingi za vifaa hivi hufanya kazi kwa hewa. Zina kipande cha karatasi kinachobanduliwa. Kikishabanduliwa, betri huachwa dakika moja au mbili kabla ya kutiwa, na tangu hapo huanza kupungua hata isipotumika. Betri kubwa zaidi, namba 675, hudumu kuliko namba 13, na namba 13 hudumu kuliko 312. Kwa hiyo kifaa kidogo kisichoonekana, kinachowapendeza wenye haya, hula betri nyingi zaidi na huwapa taabu vidole vya mzee. Kabla ya kununua ijulikane betri za namba hiyo zinapatikana wapi. Vifaa vya kuchajiwa vinafaa penye umeme wa uhakika au mtambo mzuri wa jua. Usiku mlango wa betri uachwe wazi, na kifaa kikae katika kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya kukaushia unyevu. Betri zote zikae mbali na watoto. Aliyemeza apelekwe hospitali saa ile ile bila kungoja dalili.

Vyama vinaweza kufanya nini? Kusema kwamba fedha ya wanachama isiguswe kwa jambo la mtu mmoja ni hoja ya haki, na katibu asiidharau. Lakini kujali jamii ni mojawapo ya misingi ya ushirika, na zipo njia zisizogusa mtaji: kuwakusanya wenye shida na kuomba mpimaji awafuate Tarime au Mugumu, badala ya kila mmoja kujilipia nauli na malazi ya Mwanza, kuagiza betri kwa pamoja, kuandaa akiba ya hiari inayokatwa msimu wa mauzo. Kwa chama chenye mashine yake mwenyewe, vizibo vya masikio kwa waendesha mashine si hisani bali ni wajibu, kwani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humdai mwajiri amkinge mfanyakazi wake.

Mengine hayahitaji fedha. Msemaji wa mkutano asimame mwanga ukimwangukia usoni, asizibe mdomo kwa makaratasi, wala asipige kelele, kwani kelele hukuza irabu na kuzifunika konsonanti. Dhamana ya mkopo isitiwe dole gumba mpaka mwenye kidole amerudia kwa maneno yake alichoelewa.

Na kwenye mizani, karani amgeukie mkulima na kumwonyesha uzito kwa macho. Kutaja tarakimu moja moja hakusaidii, maana sita na tisa zina ugonjwa ule ule wa sitini na tisini. Stakabadhi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno pia, kisha ageuziwe aisome akiwa upande wake wa meza, kwa kuwa 6 ikitazamwa kutoka upande wa pili ni 9.