Usingizi na Haki Zake: Alfajiri Hupotea Tukiwa Macho

(Maandishi ya mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya swala ya Alasiri)

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, ambaye hakumbwi na kusinzia wala kulala. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila mwenye kuufuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, mada tuliyoichagua leo huenda wengine wakaiona ni ndogo isiyostahiki kupandishiwa mimbari. Tutazungumzia usingizi: mtu mzima anahitaji kulala saa ngapi, hasa analala saa ngapi, na tofauti iliyopo baina ya hayo mawili inaifanya nini dini yake. Si mada ndogo. Mwenyezi Mungu ameutaja usingizi katika Suratun Nabaa miongoni mwa neema zake, akaujaalia kuwa ni mapumziko, na katika Suratur Ruum akauhesabu kuwa ni katika Ishara zake. Kilichotajwa pamoja na ardhi na milima hakiwezi kuwa jambo la kupuuzwa. Na neema yoyote ina hesabu yake: itashukuriwa au itachezewa.

MTUME (S.A.W.) ALIWAAMRISHA WATU WALALE

Baadhi yetu tunadhani kuwa mcha Mungu wa kweli ni yule asiyelala. Tuwatazame Masahaba. Abdullah bin Amr bin Al-Aas (R.A.) alikuwa kijana mwenye hima kubwa, akifunga kila mchana na kusimama kila usiku. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) hakumsifu kwa hilo. Alimkataza, akamtaka afunge na ale, asimame na alale, kwa sababu mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, mke wake ana haki na mgeni wake ana haki. Hadithi hii ameipokea Imam Bukhari.

Vivyo hivyo kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.), ambao Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha kwa udugu. Salman alimtembelea nduguye, akamkuta mkewe hajishughulishi tena na mapambo kwa kuwa mumewe ameipa dunia kisogo. Usiku ulipoingia Abu Dardaa akataka kusimama kuswali, Salman akamwambia alale. Akalala kidogo, akainuka tena, akaambiwa tena alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku, Salman akamwamsha, wakaswali wote wawili. Kisha akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Asubuhi maneno hayo yalipofikishwa kwa Mtume (S.A.W.), alisema kuwa Salman amesema kweli.

Zingatieni mpangilio wa kisa hicho. Salman hakumzuia nduguye kuswali usiku. Alimpangia usiku wake: kwanza mwili upewe haki yake, kisha Mola aabudiwe na mtu aliye macho, aliyetulia, anayejua anachokisoma. Ndiyo maana Muadh bin Jabal (R.A.) alikuwa akitaraji malipo kwa kulala kwake kama alivyotaraji kwa kusimama kwake. Mwenye kulala kwa nia ya kupata nguvu za ibada, usingizi wake umeingia katika daftari la mema yake.

NI SAA NGAPI?

Imam Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, aliligusa swali hili katika kitabu chake Madaarijus Saalikiin. Ameeleza kuwa usingizi ulio sawa na wenye manufaa zaidi ni wa nusu ya kwanza ya usiku pamoja na sudusi yake ya mwisho, na kwamba hicho ni kiasi cha saa 8, na kwamba huo ndio wastani kwa mujibu wa matabibu. Kinachozidi au kupungua huacha athari yake mwilini. Mgawanyo huo unalingana na usingizi wa Nabii Daud (A.S.), ambaye Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa alikuwa akilala nusu ya usiku, akisimama theluthi yake, kisha akilala sudusi yake. Nusu na sudusi ni theluthi mbili, na theluthi mbili za usiku wa saa 12 ni saa 8.

Hatusemi kuwa hadithi hii ilikuja kufundisha utabibu. Ilikuja kufundisha ibada. Lakini Aliyeuumba mwili ndiye aliyeiteremsha sheria, wala hatushangai viwili hivyo vikikutana. Mwaka 2015 jumuiya mbili za wataalamu wa usingizi nchini Marekani, baada ya kupitia tafiti nyingi, zilitoa kauli ya pamoja kuwa mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku, tena kwa mazoea ya kudumu. Zilieleza kuwa anayezoea kulala chini ya hapo anahusishwa na kuongezeka uzito, kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na huzuni iliyopindukia. Na katika nchi hiyo hiyo, kiasi cha theluthi ya watu wazima husema wenyewe kuwa hawafikishi saa 7.

Huenda mtu akasema hayo ni ya Wamarekani. Basi tuje nyumbani. Mwaka huo huo wa 2015 ulitolewa utafiti uliofanywa kwa jamii tatu zinazoishi bila umeme, moja wapo ikiwa ni Wahadzabe wa hapa Tanzania. Watu 94 walipimwa usingizi wao kwa vifaa maalumu. Ilionekana kuwa muda wa tangu kulala hadi kuamka ulikuwa baina ya saa 6.9 na 8.5, lakini usingizi wenyewe ulikuwa baina ya saa 5.7 na 7.1, kwani kila mwanadamu huzindukana mara kwa mara pasipo kujua. Watu hao hawakulala jua lilipozama. Walikaa kwa wastani wa zaidi ya saa 3 ndipo wakalala, na mara nyingi waliamka kabla ya jua kuchomoza.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza, tunapohesabu usingizi huhesabu saa za kitandani, na usingizi halisi ni pungufu ya hizo. Aliyekipa kitanda saa 5 hajalala saa 5. La pili, hata asiye na taa wala simu hukaa na watu wake baada ya giza kuingia. Tofauti yake na sisi ni kwamba mazungumzo yake yana mwisho.

USIKU WETU UNATOSHA

Hebu tuupime usiku tuliojaaliwa sisi wa pwani hii. Jijini Dar es Salaam, Isha huingia baina ya saa 1 na robo na saa 2 usiku, na Alfajiri baina ya saa 10 na dakika 40 na saa 11 na nusu, kutegemea mwezi. Toka adhana hadi adhana ni kiasi cha saa 9 hadi karibu 10, mwaka mzima. Ndugu zetu walioko London, mwezi wa Juni jua lao huzama baada ya saa 3 usiku na kuchomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Hao wana udhuru wa kulalamikia ufupi wa usiku. Sisi hatuna. Mwenye kuswali Isha kwa jamaa, akala, akazungumza na wanawe na kulala saa 4, amebakiwa na saa 7 kabla ya saa 11.

Basi saa hizo zinakwenda wapi? Tusemezane ukweli. Mechi za mabingwa wa Ulaya, katika miezi ya baridi huko kwao, huanza saa 5 usiku kwa saa zetu na kumalizika karibu na saa 7. Vibanda vya kuonyesha mpira hujaa. Baada ya mpira ni ubishi wa barazani. Aliyebaki nyumbani yuko na runinga au na simu yake, kidole kikiteleza juu ya kioo kutoka habari hadi kichekesho. Adhana ya Alfajiri inapopaa, mtu huyu amelala saa 3. Muadhini anatangaza kuwa swala ni bora kuliko usingizi, naye hata hasikii.

Imepokewa na Abu Barza (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Wanazuoni wameyatoa katika makatazo hayo mazungumzo yenye maslaha, kama ya elimu, mgeni na ahli. Lakini hata la kheri lina mpaka: muhadhara unaorushwa kwa vipaza sauti hadi saa 6 usiku, ukawanyima usingizi wagonjwa na watoto wa mtaa mzima, kisha waliouhudhuria wakaikosa Alfajiri, umekusanya nini na umetawanya nini?

UZEMBE NI WA ALIYE MACHO

Wako wanaojitetea kwa kusema kuwa aliyepitiwa na usingizi hana lawama. Asili ya maneno hayo ni sahihi. Mtume (S.A.W.) na Masahaba zake, wakirejea kutoka Khaybar, walipitiwa na Alfajiri hadi joto la jua likawaamsha, wakaiswali walipoamka. Na imesihi kwake kwamba hakuna uzembe katika usingizi. Uzembe ni kwa aliye macho.

Lakini tuisome hadithi yote. Usiku ule walikuwa wamechoka kwa safari, na kabla ya kulala Mtume (S.A.W.) alimweka Bilal (R.A.) awe macho kuwalindia Alfajiri. Sababu zilichukuliwa, kisha qadari ya Mwenyezi Mungu ikapita. Sasa sisi tujiulize: aliyekaa kibandani hadi saa 7 kwa hiari yake, naye anajua kuwa hataamka, aliizembea swala saa ngapi? Hakuizembea saa 11 alipokuwa amelala. Aliizembea saa 5 usiku, akiwa macho na akili zake timamu. Hii ndiyo nukta tunayotaka kila mmoja atoke nayo: Alfajiri haipotei tukiwa tumelala, hupotea tukiwa macho.

Na hata anayejikokota akafika msikitini, anaswali vipi? Bi Aisha (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamrisha anayesinzia ndani ya swala alale mpaka usingizi umtoke, asije akakusudia kuomba msamaha kumbe anajiapiza. Na Imam Ibn Jarir Attabari amenukuu kutoka kwa Dhahhak kuwa ulevi uliotajwa katika Suratun Nisaa, ambao haifai kuikaribia swala nao, ni ulevi wa usingizi. Jamhuri ya wanazuoni wanasema ni ulevi wa pombe, na hiyo ndiyo kauli yenye nguvu. Hata hivyo tazameni vipi Salaf walivyouona usingizi kuwa unaweza kuiondoa akili.

Mwaka 1997 watafiti nchini Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, uwezo wake hushuka kufikia wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Na utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa waliowekewa saa 6 au chini yake kwa siku 14, walidhoofika kufikia hali ya mtu aliyekesha, hata usiku 2. Na wengi wao hawakuhisi kuwa wamedhoofika kiasi hicho. Dereva Mwislamu ambaye hajawahi kuonja pombe, akishika usukani baada ya kukesha, anabeba roho za watu akiwa katika hali inayofanana na ya mlevi. Na roho ni amana.

HAKI ZA WENGINE

Wapo wasiochagua kukesha: walinzi wa usiku, wauguzi, wavuvi, mama mwenye mtoto mchanga. Kwa hao tunasema: Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake, nao wautafute usingizi wao mchana, na watu wa nyumbani wawatunzie utulivu. Mwajiri anayemkesha mtu usiku kisha akamtaka kazini asubuhi, ajue kuwa anadhulumu.

Waume nao wajitazame. Katika nyumba zetu nyingi mke ndiye wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka, akiwahi jiko na chai ya watoto. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwatumikia ahli zake. Nani katika sisi ni mtukufu kuliko yeye? Na watoto: sisi tunaosomesha madrasa tunawaona wakisinzia juu ya juzuu zao, nao hawakujikesha wenyewe, runinga ya sebuleni haikuzimwa.

Ama anayekosa usingizi kwa wiki nyingi, au anayekoroma kwa nguvu huku pumzi zikikatika na mchana kutwa anasinzia, huyo aende hospitali, kwani hayo ni maradhi yanayotibika. Asikimbilie hirizi wala kwa wapiga ramli. Asome nyiradi za kulala zilizothibiti, na atafute dawa. Yote mawili ni Sunna.

Ndugu zangu, tuanze na machache. Baada ya Isha turejee majumbani. Simu isilale kitandani pamoja nasi. Tulale na udhu. Mwenye kupata nafasi ya qailula mchana asiiache, kwani ilikuwa ada ya Masahaba. Na majirani waamshane, kila mmoja awe Bilal wa mwenzake. Tusipunje usingizi wala tusiuzidishe, kwani anayelala hadi jua kupanda naye ameipoteza baraka ya asubuhi ambayo Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie usingizi wetu uwe ibada, kuamka kwetu kuwe shukrani, na safu zetu za Alfajiri azijaze kama zinavyojaa za Ijumaa. Amin.

Wabillahi Tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.