Mtoto aliye tumboni: tuulize, ama tungoje?

Somo: Mwanzo 29:31-35 na Mwanzo 30:21

 

 Leo tunasema na jamaa ambazo zinangojea mtoto. Mama mwenye mimba, baba wa nyumba, mama mkwe, wifi, na ninyi waombezi ambao mnaitwa kuwekea mimba mikono: kila mmoja afungue Biblia yake.

Swali limetufikia kutoka kwa bwana na bibi mmoja, waamini, ambao wanangojea mtoto wa tatu. Wamepatana wasiulize kama ni kijana ama binti mpaka siku ya kuzaa. Jamaa ya bwana haikubali. Wanasema ekografi iko, pesa tutatoa sisi, kwa nini kukaa katika giza? Na mama mmoja wa maombi akawaambia kwamba kukataa kujua ni kukosa imani, sababu Mungu anawafunulia watumishi wake mambo ya siri. Sasa wanauliza: tunafanya zambi?

Jibu ni hapana. Hamfanyi zambi. Na jamaa ile nyingine ambayo ilikwenda kuuliza, nayo haikufanya zambi. Tungeweza kusimama hapo. Lakini tukiangalia vizuri, tutaona swali hili limebeba swali lingine mgongoni, kama mama aliyebeba mtoto, na hilo la mgongoni ndilo zito.

Tuanze na Biblia. Kuna wakati Mungu alitangaza mtoto kabla ya kuzaliwa. Alimwambia Abrahamu kwamba Sara atazaa mtoto mwanaume na jina lake Isaka. Bibi ya Manoa aliambiwa. Zakaria aliambiwa akiwa hekaluni. Maria aliambiwa kule Nazareti. Lakini mtazame jambo moja. Kila mara Mungu alipotangaza, alitangaza pamoja na kazi. Bibi ya Manoa aliambiwa asinywe divai na asile kitu kichafu, sababu mtoto atakuwa mnaziri tangu tumboni. Zakaria alipewa jina la mtoto na utumishi wa mtoto. Hakuna hata mahali pamoja ambapo malaika alikuja ili jamaa wajue watanunua nguo ya rangi gani. Na Rebeka je? Yeye alikwenda mwenyewe kumuuliza Bwana, sababu watoto walikuwa wanapigana ndani yake. Akajibiwa juu ya mataifa mawili, na juu ya mkubwa atakayemtumikia mdogo. Mungu alijibu uchungu wake.

Hana naye alilia akiomba mtoto mwanaume, akaweka naziri. Kuhani Eli alimwambia aende kwa amani. Basi. Hakuna aliyemwambia mwezi wa tano kwamba mambo ni sawa. Alibeba mimba ile mpaka mwisho na amani tu mkononi.

Kwa hiyo mtu asiwaambie ninyi mnaongoja kwamba hamna imani.

Juu ya ekografi tuseme wazi, sababu watu wengine wanasikia mahubiri kama haya na kesho wanaacha kwenda hospitali. Sivyo! Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, tangu 2016 linashauri mama afanye ekografi moja kabla mimba haijafika juma la 24, na aonane na waganga mara 8 katika mimba yote. Mashine ile haikutengenezwa ili ituambie kijana ama binti. Inaonyesha kama mtoto ni mmoja ama ni mapasa. Inaonyesha miezi kamili ya mimba, na kama moyo unapiga. Inaonyesha kama kondo la nyuma limekaa chini na kufunga mlango, jambo ambalo linaweza kumtoa mama damu nyingi na kumuua pamoja na mtoto. Mama ambaye amejulikana mapema ana shida hiyo anaweza kupangiwa azalie kwenye hospitali yenye chumba cha operasyo, asikutwe na damu usiku kijijini, mbali na barabara. Hayo ndiyo mambo ya kuulizia. Jinsia ya mtoto inaonekana pale pembeni, kwa kawaida kuanzia mwezi wa tano hivi, na hata hapo mtoto akikunja miguu ama akigeuka, muganga anaweza kukosea.

Sasa swali lile la mgongoni. Kwa nini jamaa ya bwana wanataka sana kujua?

Hawa wawili wana mabinti wawili. Mmekwisha kuelewa.

Turudi kwa Lea. Bwana aliona Lea hapendwi, akafungua tumbo lake. Akazaa Reubeni, akasema sasa bwana yangu atanipenda. Akazaa Simeoni, akasema Bwana amesikia kwamba sipendwi. Akazaa Lawi, akasema mara hii bwana yangu ataungana nami, sababu nimemzalia watatu. Vijana watatu, wapendwa! Kama kijana angekuwa dawa ya ndoa, ndoa ya Lea ingepona kwa mtoto wa kwanza. Kwa mtoto wa nne, Yuda, hakumtaja tena bwana yake. Alisema tu kwamba atamsifu Bwana. Na ni kwa huyo Yuda kwamba Mwokozi wetu alikuja.

Halafu mfungue sura ya 30, mstari wa 21. Baadaye Lea akazaa binti, akamwita Dina. Mstari umekwisha. Kwa vijana wote, wa Lea, wa Raheli, hata wa wale wajakazi wawili, tunaelezwa maana ya jina na sababu ya furaha. Kwa Dina, hakuna neno. Hakuna wimbo, hakuna maana, hakuna aliyeshangilia. Mimi ninaamini Roho Mtakatifu aliacha mstari ule uwe mfupi hivyo ili sisi tuone nyumba ile ilivyokuwa. Na mnajua sura ya 34 inavyoeleza yaliyompata Dina, na baba yake alivyonyamaza.

Mstari ule mfupi ungali unaandikwa katika kartie zetu. Mama anatoka kwenye ekografi, bwana anapiga simu, anasikia ni binti tena, simu inakatika. Kuanzia siku ile pesa ya CPN inapotea. Samaki ambayo ilikuwa inanunuliwa kwa ajili ya mama mwenye mimba haionekani tena, ni sombe kavu na bukari. Mama mkwe aliyesema atakuja kusaidia anakumbuka kwamba shamba lina kazi. Mtoto hajazaliwa, na tayari amepunguziwa chakula. Tunajua mama mmoja ambaye alibeba miezi minne ya mwisho namna hiyo, na wanawake wa kwaya ndio walimletea unga na kikwembe cha kumpokelea mtoto. Bwana yake alikuwa anakaa kiti cha mbele kanisani.

Kule India watu walikuwa wanapima mimba, wakisikia ni binti wanaitoa. Jambo lilikuwa kubwa mpaka serikali yao ikatunga sheria katika 1994, ikakataza muganga kuwaambia wazazi jinsia ya mtoto. Sisi tutasema hatutoi mimba, tumeokoka. Ni kweli. Lakini kumnyima mama chakula sababu ya mtoto aliye ndani yake, hiyo tuiite nini?

Hapa kuna baba ambaye anasema, bibi yangu anazaa mabinti tu, ninatafuta mwingine. Baba, sikiliza vizuri. Mama katika yai lake anatoa namna moja tu ya mbegu, ile ambayo waganga wanaiita X. Ni mbegu ya baba ambayo inakuja na X ama na Y. Ikija X anazaliwa binti, ikija Y anazaliwa kijana. Jambo linakwisha siku ile ile ya kwanza, kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Kama kuna mtu wa kuulizwa nyumbani kwako juu ya mabinti wanne, si yule unayemfukuza. Na wewe pia hukuchagua. Mhubiri 11:5 inatuambia kwamba namna mifupa inavyokua tumboni mwa mama ni kazi ya Mungu ambayo hatuijui.

Juu ya urithi, watu wanasema binti anajenga kwa watu wengine. Someni Hesabu 27. Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa walisimama mbele ya Musa na wakubwa wote, wakadai sehemu ya baba yao Selofehadi, ambaye hakuacha kijana. Musa alipeleka neno kwa Bwana, na Bwana akajibu kwamba mabinti hao wamesema haki. Sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya 1987, nayo haitengi kijana na binti katika urithi wa baba. Mtu anayeogopa kwamba mali yake itapotea sababu amezaa mabinti, anaogopa desturi tu.

Sasa tuseme na wenzetu wa maombi. Neno hili ni gumu kidogo, mtatuvumilia. Kuna wale ambao wanamwekea mama mkono tumboni na kutangaza: Bwana ananionyesha kijana! Watu wanapiga vigelegele, bahasha inatolewa. Wakiulizwa wanataja Elisha na mama Mshunami. Vizuri, tusome wote 2 Wafalme 4. Mama yule hakuomba kutabiriwa. Alikuwa amemjengea mtu wa Mungu chumba na kumpa chakula zamani, bila kutaka kitu. Elisha hakumuuza neno. Na tukiendelea sura ya 5, Elisha yuleyule anakataa zawadi ya Namani. Gehazi ndiye alikimbia nyuma ya zawadi, na mnajua alirudi na ngozi ya namna gani.

Na binti akizaliwa pale ambapo kijana alitabiriwa, ni nani anayebeba haya? Si aliyetabiri. Yeye atasema mama alikosa imani, ama alikuwa na zambi ya siri. Mama angali anatoka damu, amelala kwenye kitanda cha materinite, na anaambiwa kwamba yeye ndiye aligeuza mtoto tumboni. Wapendwa, mambo hayo yakome. Kama Bwana amekuonyesha jambo kweli, na halikuja na kazi wala na onyo, unaweza kulikaa nalo miezi michache. Maria aliweka mambo moyoni mwake.

Sasa ninyi wawili ambao mliuliza. Mpatane kwanza ninyi, sababu kungoja kwa mmoja si kungoja. Mkiingia kwa ekografi, mwambieni muganga mapema, kabla hajaweka mashine: tunataka kujua afya ya mtoto na ya mama, jinsia usituambie. Waganga wengi wanazoea hilo. Ombeni pia asiandike kwenye karatasi, sababu karatasi inasomwa na kila anayefika nyumbani. Bwana akiwa amesafiri, asiulize kwa simu kwa siri. Nguo mnaweza kununua nyeupe ama za manjano, na ngobi haina kijana wala binti. Kama kuna nguo za dada zake zimebaki, zifueni. Mtoto mchanga hajui. Majina mtayarishe mawili, ama mchague jina ambalo linaitwa wote, kama Bahati. Sheria inatupa siku 90 baada ya kuzaa kwa kuandikisha mtoto kwa serikali, kwa hiyo hakuna mbio. Pesa ile ambayo jamaa walitaka kulipa, waambieni kwa heshima waiweke kwa siku ya kuzaa, sababu siku hiyo inahitaji pesa kweli.

Na kwa mama mkwe, mwana wake mwenyewe ndiye aende kumuambia, asimtume bibi. Aseme: Mama, tumemwachia Mungu, tutakuita wewe wa kwanza. Mama wengi wa kwetu wakiambiwa watakuwa wa kwanza kuitwa, wanatulia.

Labda kungoja kwenu kutafanya kazi moja ambayo hamkuitazamia. Kwa miezi minne ama mitano, jamaa yote italazimika kumuombea mtoto bila kujua ni nani. Watamuombea afya, akili, wokovu, njia nzuri ya kutoka. Hawatapata nafasi ya kupunguza maombi.

Wale ambao wamekwisha kujua, na mmejua ni binti, na nyumba imenyamaza: Zaburi 139 inasema Mungu ndiye alimfuma tumboni. Baba, leo jioni, kabla ya chakula, weka mkono kwenye tumbo la bibi yako na umwite huyo mtoto binti yangu, kwa sauti, watoto wengine wasikie. Na kesho umpe mama pesa ya CPN.

Mama wote ambao wanazaa mwezi huu na mwezi ujao tutawaombea siku ya tano, baada ya maombi ya kufunga. Leteni majina kwa mlinzi wa mlango wa radio ama kwa mashemasi wenu. Andikeni jina la mama na miezi ya mimba. Hayo mawili yanatosha.