Boma Likihama: Maneno juu ya Kujiendeleza, Ubunifu na Biashara
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kilindoni, Mafia)



Tulipoombwa tuseme juu ya kujiendeleza na kufaulu katika biashara, tuliona ya kuwa mzigo huu ni mzito kwa mtu ambaye ni karani tu, tena si tajiri. Lakini karani naye ana jicho lake. Kazi yetu ni kuandika na kuhesabu mambo ya watu, na mwenye kuandika mambo ya watu kwa miaka huona ni nani aendaye mbele na ni nani arudiye nyuma, na kwa sababu gani. Basi hayo tuliyoyaona ndiyo tutakayosema.

Yafaa tuanze na kisiwa chetu, maana kisiwa hiki ni mwalimu mzuri. Kila mmoja wetu ayajua magofu ya Kua, kule Juani. Ulikuwa mji wa misikiti na nyumba za mawe, ukapigwa na Wasakalava wa Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Baada yake Chole ikawa ndiyo mji. Wadachi walipoishika Mafia mwaka 1890 walikaa Chole, na boma lao likawa huko. Kisha mwaka 1913 makao ya serikali yakahamishwa, yakaja hapa Kilindoni.

Sasa tujiulize: boma likihama, huhama na nani? Karani hulifuata, askari hulifuata, na yule ambaye duka lake lilitegemea mishahara yao hana budi naye kulifuata au kufunga. Lakini fundi wa vyombo halifuati boma. Shoka lake ni lake, tezo yake ni yake, na maarifa yake yamo mkononi mwake. Ndiyo sababu kazi ya kuunda vyombo imeonekana Chole hata katika siku zetu, miaka mingi baada ya boma kuwa gofu. Tazameni na Jibondo: kisiwa cha mawe, ardhi yake haba, hata watu wake huvuka maji kwenda kulima Juani. Kwa hesabu ya karani, mahali pale hapana mali. Lakini mafundi wa Jibondo wameunda mashua na majahazi bila mchoro wa karatasi, wakipima kwa jicho na kwa kamba, na vyombo vile vikaelea, vikabeba shehena. Mungu hakuwapa udongo mwingi. Wao wakautafuta utajiri katika ujuzi.

Ndugu zetu, sisi wenye mishahara tu watu wa boma. Na boma letu nalo litahama. Kwa wengi wetu siku yake imekwisha andikwa: ni siku ya kutimiza miaka 60, na wengine huondoka kwa hiari wakiwa na miaka 55. Siku hiyo meza atapewa mwingine, na muhuri utashikwa na mkono mwingine. Swali letu la leo ni hili: siku hiyo tutabaki na nini kilicho chetu?

Wala swali hili si jipya. Mwaka 1922, kule Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali wa Tanganyika, ili wenye kalamu wapate mahali pa kukutana na kusaidiana. Wengine wa zama zile waliona ya kuwa kalamu peke yake haitoshi. Kleist Sykes alikuwa karani wa reli mjini Dar es Salaam, na mmoja wa walioanzisha African Association mwaka 1929. Naye pamoja na ukarani alishika biashara, akaendelea nayo alipoacha kazi ya reli. Erica Fiah, mwenye duka mjini humo, alianzisha chama cha maslahi na biashara cha Waafrika mwaka 1934, na mwaka 1937 akatoa gazeti la Kwetu. Hawakungoja boma liwahame ndipo waanze kufikiri.

Baadaye njia ile ilifungwa kwa muda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi, na watumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu pamoja nao, kuwa na hisa katika makampuni, kupangisha nyumba, au kupokea mishahara miwili. Hatuingii katika kupima kama lilikuwa jema au baya. Twasema tu ya kuwa masharti hayo yalilegezwa kwa Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na kati ya miaka hiyo kimepita kizazi kizima cha watumishi ambacho hakikuzoea biashara. Watoto wao ndio sisi. Tumerithi mwandiko mzuri, hatukurithi daftari la duka.

Kwa hiyo twaona mambo matatu yatupasayo.

La kwanza ni kujifunza hesabu ya mali yetu wenyewe. Ni ajabu kubwa: mtu aweza kuhesabu fedha ya halmashauri bila kosa la senti moja, na nyumbani kwake asijue aliingiza nini wala alitoa nini. Wazee wa madukani husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tutoe mfano, nao ni mfano tu, si bei ya sokoni. Mtu anunua nazi 100 kwa shilingi 400 kila moja, jumla 40,000. Kuni na nauli 8,000; chupa 6,000; ujira wa mkunaji 10,000. Ametumia 64,000. Mafuta yake yauzwa kwa 80,000. Moyo humwambia, “Nimenunua nazi kwa 40,000, nimepata 80,000, faida ni 40,000!” Basi atoa 20,000 kwa matumizi ya nyumba, akiona ametumia nusu tu ya faida. Kumbe faida ilikuwa 16,000. Mkononi imebaki 60,000, na duru ya pili yataka 64,000. Amekula 4,000 ya mtaji, wala hakuna mwizi aliyeingia. Akifanya hivyo mara nyingi, biashara itakufa, naye atasema amerogwa.

Dawa yake si ngumu kwa mtu aliyesoma. Mkoba wa nyumba uwe mbali na mkoba wa kazi, na mwenye biashara ajiandikie ujira wake kama amwandikiavyo mfanyakazi, asichote kila apatapo haja.

La pili ni ubunifu. Neno hili huwatisha wengine, maana huambiwa mtu “amebuni maneno”, yaani amesema uongo. Lakini kubuni tunakokutaka sisi ni kukitazama kitu ambacho wote wakiona, ukaona ndani yake kazi ambayo wengine hawajaiona. Tumeona mara nyingi mtumishi amestaafu, amepata kiinua mgongo, na tazama, afungua duka la sabuni, sukari na miamala ya simu, mlango wa pili kutoka duka la sabuni, sukari na miamala ya simu. Amenakili kama tunavyonakili barua bomani. Lakini barua ikinakiliwa haipungui maneno, na wateja wakigawanywa hupungua.

Tazameni mnazi, ambao kisiwa hiki kimejulikana kwao tangu zamani. Nazi nyingi hupakiwa chomboni zikiwa nzima, zikaenda bara, na huku twanunua madukani mafuta ya nywele yaliyotoka mbali, na kamba za nailoni. Lakini mama zetu wamejua siku zote ya kuwa nazi si kitu kimoja. Huyafukia makumbi katika matope ya pwani kwa miezi, huyafukua, huyapiga, wakapata usumba, wakasokota kamba. Kifuu ni kuni, na ni upawa. Makuti ni paa. Mama yule apigaye makumbi juani hakusoma sekondari kama sisi tuliosomeshwa na wamisioni, lakini katika kubuni ametutangulia. Pale tulipoona takataka, yeye aliona kamba.

Au mtazameni papa potwe. Huyu ni samaki mkubwa kupita wote, na huonekana hapa mbele ya Kilindoni zaidi kati ya Oktoba na Machi. Asiyebuni angeuliza ana kilo ngapi za nyama. Lakini leo wageni huvuka bahari kuja kumtazama tu akiogelea, nao hulipa mashua, nahodha, chakula na malazi. Na kesho potwe yungali hai, aweza kutazamwa tena. Hapo hakikuongezwa kitu baharini, yaliongezwa mawazo.

Basi sehemu ya mwenye kalamu ni ipi? Si kumnyang’anya mama kamba yake na kumfanya kibarua. Ni kumletea kile asichokuwa nacho: barua ya kutafuta mnunuzi, hesabu iliyo sawa, mapatano yaliyoandikwa yakaeleweka na pande zote mbili, na haki yake ilipwe siku iliyoahidiwa. Yeye ana mkono, sisi tuna kalamu. Wakishirikiana kwa haki wote wawili watakula.

La tatu ni uaminifu, nalo twaliweka mwisho ili lisisahauliwe. Mtumishi mwenye biashara ana kishawishi ambacho fundi wa Jibondo hana. Faili la ombi la jirani limo mezani mwake. Ajua leseni ya nani imechelewa, na zabuni gani itatangazwa. Akiyatumia hayo kwa faida yake, hakufaulu katika biashara. Ameiuza kazi ya umma, na hiyo si mali yake. Tena saa za kazi ni za wananchi waliotembea kutoka Kanga au Bweni kuja kutafuta muhuri mmoja. Asikutwe mtu kama huyo akingoja mlangoni, na karani yuko gulioni akiuza mafuta yake.

Tena tuseme neno kwa wale ambao miaka yao ya kustaafu i karibu. Kiinua mgongo ni fedha iliyolimwa miaka 30; msiipande yote siku moja katika shamba msilolijua. Anzeni sasa kwa kidogo, wakati mshahara ungali ukiingia, ili kosa likitokea liwe kosa la 4,000, lisiwe la milioni. Fundi hamtii mwanafunzi katika jahazi siku ya kwanza; humpa kwanza kipande cha mti, aharibu hicho.

Ndugu zetu, hatukusema haya ili kila karani awe tajiri, maana utajiri Mungu humpa amtakaye. Twataka tu kila mmoja wetu ajifunze kazi moja ambayo haihitaji barua ya uteuzi, na aweke daftari lake kuanzia mwezi huu. Tukikutana tena, twamwomba Bwana Mwenyekiti atuulize, si ni nani amepata faida, bali ni nani amekuja na daftari.

Mwenye zaidi ya haya na atuongezee, na aliyeona tumekosea atusahihishe.