Sampuli Kabla ya Kipimo: Ulinganisho wa Njia za Kuchukua Sampuli katika Kutambua Virusi vya Njia ya Hewa

Utambuzi wa virusi vinavyoshambulia mfumo wa upumuaji, vikiwemo vya influenza, vya UVIKO-19 na vile viitwavyo RSV ambavyo huwaumiza zaidi watoto wachanga, huanzia kwenye sampuli kabla ya kufika kwenye mashine, kwa kuwa kipimo cha PCR, ambacho huzidisha nakala za vinasaba vya kirusi hadi zitambulike, hakiwezi kuzidisha kisichokuwemo kichupani. Mhadhara huu unalinganisha njia kuu za kuchukua sampuli na kutafuta inayofaa katika zahanati za vijijini, mfano kata ya Nyanungu wilayani Tarime, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Njia ya kwanza ni kufyonza ute wa nyuma ya pua kwa mrija uliounganishwa na mashine, ambayo hutoa ute mwingi lakini huhitaji kifaa maalumu, na mara nyingi umeme. Ya pili ni kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa na kuyakusanya yanaporudi. Ya tatu ni kijiti kinachoingizwa puani sambamba na kaakaa, wala si kuelekezwa juu, hadi pale pua inapokutana na koo, kisha kikazungushwa taratibu na kuachwa sekunde chache ili kinyonye ute. Kijiti cha koo peke yake huvumilika zaidi, ila kwa virusi vingi huambulia kidogo. Na mate, ingawa yamefaa katika kupima UVIKO-19, ni vigumu kupatikana vizuri kwa mtoto asiyeweza kutema.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake katika jambo hili. Mwaka 2004 jarida la East African Medical Journal lilichapisha ulinganisho wa njia tatu za kukusanya sampuli za puani uliofanywa na watafiti wa Kilifi, Kenya, na mwaka 2011 watafiti wa hukohuko walionyesha kwamba, kwa watoto waliotibiwa bila kulazwa, kijiti chenye nyuzi za nailoni zilizosimama kikitumiwa pamoja na PCR hubaini virusi vizuri kuliko maji ya kuosha pua. Nyuzi hizo huuachia ute kwa urahisi ndani ya kimiminika cha kuhifadhia, ilhali pamba iliyosokotwa huung'ang'ania, na mpini wa mti unaweza kuzuia kipimo kufanya kazi.

Hata hivyo, kijiti bora hakitoshi iwapo mgonjwa amechelewa, kwa sababu virusi huwa vingi zaidi katika siku chache za mwanzo wa dalili, wala iwapo sampuli imekosa ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, ambao huihifadhi kwa takriban saa 72 tu. Kutoka Nyanungu hadi maabara yenye PCR, barabara na sanduku la barafu vina uzito uleule wa kijiti.

Kwa hiyo, njia inayofaa zaidi zahanati za aina hii ni kijiti cha nailoni cha nyuma ya pua, kikiunganishwa na cha koo katika kichupa kimoja, kwa kuwa hakihitaji umeme wala mashine. Halmashauri na vyuo vya afya viwafundishe wahudumu kukitumia ipasavyo, kwa maana majibu hasi yanayotokana na sampuli mbovu humrudisha mgonjwa nyumbani akiendelea kuambukiza familia yake.